Kulinda Maji ya Mto na Maji ya Ardhini Katika Yadi ya Makaa ya Mawe

Makaa ya mawe yanayofika Nairobi na viunga vyake huwa yamesafiri mbali. Hushushwa melini katika bandari ya Mombasa, hupandishwa bara, kisha humwagwa katika yadi za upande wa mashariki, kuelekea Mlolongo na Athi River, ambako viwanda vya saruji huyatumia kuchomea tanuri zao. Kwa kuwa hakuna mgodi wa makaa karibu nasi, watu wengi hudhani kwamba maji machafu ya makaa ni tatizo la migodini peke yake. Dhana hiyo imeponza yadi nyingi. Lundo lililoachwa wazi huigeuza mvua iliyoshuka safi kuwa maji meusi yenye chembe, chumvi na mara nyingine asidi, na maji hayo yana njia mbili tu za kutokea: kuteremka hadi mtoni au kuzama ardhini. Mwongozo huu ni wa msimamizi wa yadi ya namna hiyo, na umepangwa kwa utaratibu ambao ningeufuata mwenyewe kama ningekabidhiwa kiwanja kitupu leo.

Fahamu kwanza kinachotoka katika lundo

Uchafu wa kwanza ni chembe za makaa zenyewe, na hizo zina tabia inayowashangaza watu waliozoea matope ya kawaida. Makaa ni mepesi. Mchanga una uzito wa takriban mara 2.65 ya ule wa maji, ilhali makaa mengi yana uzito wa kati ya mara 1.3 na 1.4, kwa hiyo chembe ya makaa huzama polepole, karibu mara tano polepole zaidi ya chembe ya mchanga yenye ukubwa ule ule. Chembe ya makaa yenye upana wa sehemu 20 za elfu moja ya milimita huhitaji kama saa tano na nusu kushuka mita moja na nusu katika maji yaliyotulia kabisa. Ile yenye upana wa sehemu 5 huhitaji muda mara 16 ya huo, yaani karibu siku nne. Mtu anayechimba dimbwi dogo akitumaini kwamba maji yatakuwa meupe baada ya nusu saa anajidanganya.

Uchafu wa pili hauonekani mwanzoni. Makaa mengi yana pairiti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakikutana na hewa na unyevu huoza na kuzaa asidi ya salfa pamoja na chuma kilichoyeyuka. Bakteria waishio humo humo huharakisha kazi hiyo. Asidi nayo huyeyusha manganizi, alumini na metali nyingine zilizofungika katika mawe. Makaa yaliyoshushwa jana hayana hatari kubwa ya namna hii. Yaliyokaa miezi kadhaa, hasa vumbivumbi lake, ndiyo ya kuogopwa. Dalili yake ni utando wa rangi ya chungwa katika mitaro, pale chuma kinapokutana na hewa na kuganda.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu nimeliona likipuuzwa mwaka baada ya mwaka: maji mabaya kuliko yote ni ya mvua ya kwanza. Kuanzia Juni hadi Septemba pairiti huendelea kuoza kidogo kidogo kwa unyevu wa hewa, na chumvi za asidi hujilimbikiza ndani ya lundo bila kusafishwa. Vuli inapofungua Oktoba, mvua ya saa moja huzisomba zote pamoja. Hali hiyo hurudi masika yanapoanza mwezi wa Machi. Dimbwi lako lazima liwe tupu na limezolewa tope kabla ya tarehe hizo, si baada ya wingu la kwanza kuonekana.

Chagua mahali kwa kuangalia maji yalipo

Kama bado una uhuru wa kuchagua kiwanja, tembea mteremko wake wakati wa mvua. Mto Ngong hupita katikati ya Eneo la Viwanda na kuungana na Mto Nairobi, nao Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, ambao huvuka nusu ya nchi ukibadilika jina kuwa Galana na Sabaki hadi baharini karibu na Malindi. Njiani kuna watu wanaomwagilia sukumawiki, wanaonywesha ng'ombe, wanaoteka maji ya kufulia. Mtaro mdogo wa barabarani ulio mbele ya lango lako ni mwanzo wa safari hiyo.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka ukanda usioendelezwa wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, ukipimwa kutoka pale mafuriko makubwa zaidi yaliyorekodiwa yalipofika. Kwa lundo la makaa, mita 6 hazitoshi hata kidogo, na ningeshauri uuchukue ukanda wote wa mita 30 kisha uongeze. Waliokuwa hapa Aprili 2024 wanakumbuka jinsi maji yalivyovuka kingo huko Mathare na mjini Athi River. Lundo likisombwa na mto, hakuna dimbwi wala mtaro utakaolirudisha.

Kisha uliza habari za visima. Maeneo mengi ya mashariki ya jiji hutegemea visima virefu, vingine vyenye kina cha zaidi ya mita 200, vinavyofikia maji katika tabaka za majivu ya volkano zilizo chini ya miamba migumu. Kina hicho huwapa watu imani kwamba uchafu wa juu hauwezi kufika chini. Huweza kufika, na njia yake ya mkato ni kisima chenyewe: kisima cha zamani kilichoachwa wazi, au bomba la kisima ambalo nafasi inayolizunguka haikuzibwa kwa saruji. Tafuta kila kisima kilichomo ndani ya kiwanja na kandokando yake. Kisichotumika kizibwe kuanzia chini hadi juu kwa mchanganyiko wa saruji na bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa), kazi ifanywe na mchimbaji mwenye leseni, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ipewe taarifa. Kufunika mdomo wa kisima kwa bati na jiwe hakuzuii maji kupenya.

Udongo mweusi si sakafu

Hapa ndipo yadi za Nairobi huharibikiwa. Sehemu kubwa ya Embakasi, Mlolongo na Athi River ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu hadi mtu akashindwa kuinua mguu. Ukilowa, huvimba na kujifunga, na maji husimama juu yake siku nyingi. Mwenye yadi akiona hivyo husema kwamba ardhi yake haipitishi maji na kwamba haina haja ya zege. Lakini udongo huo huo ukikauka hupasuka, na nyufa zake huweza kuzidi nusu mita kwenda chini. Mvua ya kwanza ya msimu, ambayo tumekwisha kuona kwamba ndiyo yenye chumvi na asidi nyingi, hukuta nyufa hizo ziko wazi na huteremka moja kwa moja hadi kwenye mwamba uliochakaa, kabla udongo haujapata muda wa kuvimba na kujifunga. Kwa hiyo udongo mweusi hupitisha uchafu wakati ule ule ambapo uchafu umezidi.

Fanya wanavyofanya mafundi wa nyumba za upande huo: chimba udongo mweusi wote hadi ufikie mwamba au udongo mgumu, uuondoe, kisha jaza mawe na moramu, ukishindilia tabaka kwa tabaka. Ukiuacha chini, utavimba na kuipasua sakafu yoyote utakayoijenga juu yake. Juu ya moramu tandika nailoni nene ya bwawa, ile ya unene wa milimita moja na nusu ambayo viungo vyake huunganishwa kwa moto, na uilinde juu na chini kwa mchanga laini ili mawe yasiitoboe. Juu yake mwaga zege lenye nondo, lenye mteremko wa mita moja hadi mbili kwa kila mita mia kuelekea mtaro wa kukusanyia. Viungo vya zege vizibwe kwa lami au mpira maalumu na vikaguliwe kila mwaka, kwa kuwa sakafu huvuja viungoni kabla ya kuvuja mahali pengine popote.

Gharama hii ni kubwa na sitaificha. Kwa asiyeweza kuimudu yote kwa mara moja, ushauri wangu ni kupunguza ukubwa wa lundo na kulijengea sakafu kamili, badala ya kutandaza makaa katika kiwanja kizima juu ya sakafu nusunusu. Bora pia kuliko yote ni paa. Lundo lililo chini ya bati haliloweki, na maji yasiyogusa makaa hayahitaji kusafishwa.

Tenga maji safi na maji machafu

Kazi hii ni ya bei nafuu na ina faida kubwa kuliko nyingine zote. Kila lita ya maji safi inayoingia katika lundo huwa lita ya maji machafu ya kushughulikiwa. Chimba mtaro wa kinga upande wa juu wa kiwanja, uyakamate maji yatokayo kwa majirani na barabarani, uyazungushe nje ya yadi hadi kwenye njia yake ya asili. Maji ya paa za ofisi na maghala yapitishwe kwenye mabomba hadi kwenye matangi, nayo yatafaa kunyunyizia vumbi. Ndani ya yadi, zungusha sakafu ya makaa kwa tuta la zege ili maji yake yasitoke ila kupitia mtaro mmoja.

Niliwahi kufanya kazi katika yadi ambayo dimbwi lake lilifurika kila mvua kubwa ilipokuja, na wakubwa walikuwa wamekwisha kuomba bei ya kulipanua. Tulipozunguka wakati wa mvua tulikuta kwamba maji ya paa la ghala zima yalikuwa yakimwagika nyuma ya lundo. Mabomba ya plastiki yenye urefu wa mita chache yaliyahamisha, na dimbwi halikufurika tena msimu ule. Tangu hapo sikubali kuchora dimbwi kabla ya kutembea yadi nikiwa nimevaa koti la mvua.

Pima dimbwi kwa hesabu

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua mvua ya milimita 60 kwa siku, ambayo si jambo geni Nairobi mwezi wa Aprili. Juu ya sakafu ya hekta moja ni mita za ujazo 600, na ukikadiria kwamba sehemu tano kwa sita zitatiririka, dimbwi litapokea mita za ujazo 500, sawa na malori 50 ya maji ya lita 10,000 kila moja. Ukiruhusu hekta tatu za maji ya majirani kuingia, hesabu hiyo itazidishwa mara nne. Juu ya kiasi hicho ongeza nafasi ya tope la makaa chini na angalau nusu mita ya ukingo mtupu juu.

Gawa dimbwi katika vyumba viwili au vitatu. Cha kwanza kiwe na njia ya zege ambayo tingatinga linaweza kuteremka kuzoa tope, na cha mwisho kiwe na mlango wa kutolea maji wenye kufuli, ambao hukaa umefungwa siku zote isipokuwa pale mtu aliyepewa jukumu hilo amepima maji na kuandika matokeo. Vyote vitandikwe nailoni ile ile ya bwawa. Tope linalozolewa likaushwe juu ya sakafu ya makaa na kurudishwa katika lundo, kwa maana ni mafuta ya tanuri uliyokwisha kuyalipia.

Chembe zilizo ndogo mno zikikataa kuzama, tumia shabu. Usimwage kwa kukisia. Chukua chupa sita za maji ya dimbwi, weka kipimo tofauti katika kila moja, koroga, subiri nusu saa, kisha tumia kipimo kidogo kabisa kilichosafisha maji. Kumbuka kwamba shabu hushusha pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: kikishuka, asidi imezidi. Maji yenye asidi yatiwe chokaa kwanza.

Kwa asidi, chokaa iliyozimwa hufaa. Pandisha pH hadi kati ya 8 na 9 na upitishe maji katika ngazi fupi zinazoyarusharusha ili yapate hewa, na chuma kitaganda na kuzama. Manganizi ni kaidi zaidi na huhitaji pH ya juu kuliko hiyo, kisha pH ishushwe tena kabla ya maji kutolewa. Wengine hujaza mitaro kwa mawe ya chokaa na kuondoka. Njia hiyo hufanya kazi kwa muda, halafu chuma huyapaka mawe ganda la kutu na maji hupita bila kuguswa; kwa hiyo mawe hayo lazima yageuzwe au yabadilishwe.

Vumbi, magurudumu na mafuta

Vumbi lililotua nje ya tuta litakuwa maji machafu mvua itakaponyesha, hivyo kuzuia vumbi ni kulinda maji. Mimina makaa kutoka kimo kifupi, funika malori kwa turubai, na nyunyizia maji kiasi cha kulowesha uso wa lundo bila kutiririka. Maji ya dimbwi yanafaa kwa kazi hii, ila yakizungushwa tena na tena chumvi yake huongezeka, nayo ni lazima ipimwe. Lundo lishindiliwe kwa tabaka, kwani hewa inayopenya ndani huharakisha kuoza kwa pairiti na pia huweza kuyawasha makaa yenyewe. Na lundo likiwaka, maji ya kuzimia moto nayo yataongeza mzigo wa dimbwi.

Weka kidimbwi cha kuoshea magurudumu ndani ya tuta, karibu na lango, na umweleze kila dereva na utingo wake kwa heshima kwa nini hawaruhusiwi kutoka bila kupita hapo. Lango na barabara ya mbele vifagiliwe vikiwa vikavu. Kuvipiga maji ya mpira ni kuupeleka uchafu mtoni kwa mkono wako mwenyewe. Matangi ya dizeli yawe chini ya paa, ndani ya ukuta unaoweza kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote, na gereji iwe na tangi lake la kutenganisha mafuta na maji.

Vibali na vipimo

Mradi wa namna hii huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, na kutoa maji nje huhitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Anayetaka kuyaingiza katika bomba la majitaka la jiji lazima apate kibali cha kampuni ya maji na majitaka ya Nairobi. Kanuni za 2006 ziliweka pH ya kati ya 6.5 na 8.5 na chembe zisizozidi miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayotolewa katika mazingira. Kinachokufunga wewe ni kile kilichoandikwa katika leseni yako, kwa hiyo isome yote.

Visima vya uangalizi viwe vitatu au zaidi: kimoja upande ambao maji ya ardhini hutokea, viwili upande yanakoelekea. Kwa ujumla maji ya ardhini ya Nairobi hutoka magharibi, kwenye nyanda za juu, na kuelekea mashariki, lakini maji ya karibu na uso huweza kufuata mteremko wa kiwanja, hivyo pima kina cha maji katika visima vyote vitatu kabla ya kukata shauri. Chukua sampuli kabla lori la kwanza la makaa halijaingia. Maji ya ardhini ya huku yana floridi nyingi kwa asili, na asiye na vipimo vya mwanzo hawezi kutenganisha alichokileta yeye na kilichokuwapo tangu zamani, wala jirani yake hawezi kujitetea.

Kila juma pima pH na uwezo wa maji kupitisha umeme (ambao huonyesha wingi wa chumvi) katika dimbwi, na kila mwezi katika visima. Kila miezi mitatu peleka sampuli katika maabara iliyothibitishwa, zipimwe salfeti (chumvi itokanayo na asidi ya salfa), chuma, manganizi, mafuta, na metali kama aseniki, seleniamu na risasi. Kati ya hivyo vyote, mimi hutazama salfeti kwanza. Asidi inayozama ardhini huzimwa na madini ya mawe inayoyapitia, kwa hiyo pH ya kisima huweza kubaki nzuri kwa muda mrefu huku uchafu ukiwa umekwisha kufika. Salfeti haizimwi hivyo, nayo hutangulia kuonekana. Ikipanda katika kisima cha upande wa chini mara mbili mfululizo na isipande katika kile cha upande wa juu, acha kusubiri pH ishuke. Rudia sampuli juma lile lile, ondoa makaa sehemu moja moja ya sakafu na ukague kila kiungo, kausha dimbwi na utafute tundu katika nailoni, iarifu mamlaka, na uwaarifu wenye visima vya jirani siku hiyo hiyo, kwa maana wao ndio wanaokunywa.